Msalaba wa Shaba Unajibu Maswali ya Watoto wa Bel-Air

Njooni, wanangu. Sogeeni karibu. Wadogo wakae mbele, wakubwa wakae nyuma, na mwenye swali asilimeze. Swali likimezwa linaumiza tumbo.

Leo tunaongea habari ya nembo.

"Nkambo, nembo ni nini?"

Ee! Mmoja ameshaanza. Vizuri sana. Mtoto anayeuliza mapema hachelewi kujua.

Sikieni. Mnajua inavyokuwa matanga yakiingia mtaani kwetu. Mama wa jirani analeta sufuria yake. Mama wa ng'ambo ya barabara analeta yake. Bukari unasongwa, sombe inapikwa, watu wanakula. Kesho yake sufuria zimerundikana uani. Zote nyeusi. Zote zimeungua chini. Sasa, ya nani ni ipi? Mama habahatishi. Anaigeuza sufuria, anatazama kitako chake. Huyu alikwaruza alama kwa msumari. Huyu alipaka rangi nyekundu karibu na mkono. Huyu alifunga kitambaa. Mama anatazama mara moja tu, anasema, "Hii ni yangu," anajitwika, anakwenda zake. Hakuna ugomvi.

Basi nembo ni ile alama ya sufuria. Inasema: mimi ni wa fulani, nimetoka lupango fulani. Ila alama ya sufuria ni ya mama mmoja, na nembo ni ya watu wengi pamoja. Kijiji kinaweza kuwa na nembo. Mji unaweza kuwa na nembo. Jimbo, nchi, hata timu ya mpira.

"Nani alianza kuchora nembo?"

Swali zuri. Watu wa kila upande wa dunia walikuwa na alama zao. Lakini zile nembo zenye umbo la ngao zilianza Ulaya, miaka zaidi ya 800 iliyopita. Askari wa farasi walivaa kofia za chuma zilizofunika uso mzima. Vitani, uso ukifunikwa, nani anamjua nani? Rafiki anaweza kumpiga rafiki. Basi kila mkubwa akachora alama yake juu ya ngao: huyu simba, huyu tai, huyu mistari miwili. Vita vile vilikwisha, farasi wakarudi malishoni, lakini michoro ya ngao ikabaki. Familia zikaishika. Miji ikaishika. Hata vijiji.

Kule kuna nchi inaitwa Kroatia. Mmeiona timu yake ya mpira. Kumbukeni jezi zake: miraba myekundu na myeupe. Miraba ile imetoka kwenye ngao ya nchi yao, yenye miraba 25. Myekundu ni 13, myeupe ni 12. Na kule, hata kijiji kidogo kinaweza kuwa na ngao yake. Mwenye mto anachora mto. Mwenye mzabibu anachora mzabibu. Mtu akipita njiani anatazama ngao, anajua wenyeji wanaishi kwa kazi gani na wanajivunia nini.

"Na sisi, Nkambo? Sisi tuna nini?"

Ah, nilikuwa ninalingoja swali hilo! Sisi wa Lubumbashi, sisi wa Katanga, tunayo alama ambayo ni nzee kuliko mji wenyewe. Mmeiona. Mmeiona kwenye mafundi wanaouza vitu vya malakiti na shaba. Mmeiona imechongwa, imechorwa, imeshonwa. Ni msalaba mdogo wa shaba, mikono yake minne imelingana, kama herufi X.

Mimi nimeongea vya kutosha. Tumwachie mwenyewe aseme. Msalaba, simama! Waambie watoto wewe ni nani.

*

Asante, Nkambo. Hamjambo, watoto wa Bel-Air?

Mimi ni msalaba wa shaba. Wazee wa hapa waliita shaba mukuba. Moto ulinizaa, kazi ikanikuza. Shikeni maneno hayo, nitayarudia: moto ulinizaa, kazi ikanikuza.

"Ulizaliwa wapi?"

Nilizaliwa katika jiwe. Tena si jiwe jekundu, bali jiwe la kijani! Jiwe hilo linaitwa malakiti. Ardhi ya Katanga imejaa. Zamani watu walilikuta juu kabisa, kwenye vilima ambavyo miti haipendi kumea. Palipo na shaba nyingi ardhini, miti mikubwa inashindwa, panaota nyasi na maua madogo tu. Basi mtu mwenye macho akiona kilima kisicho na miti katikati ya pori, alisema: hapa chini kuna kitu.

"Jiwe la kijani linatoaje shaba nyekundu?"

Unasikia swali hilo, Nkambo? Mtoto huyu atakuwa mhandisi!

Nitakueleza. Ndani ya malakiti, shaba imekumbatiana na vitu vingine. Wakiwa pamoja wanaonekana kijani. Ukitaka kuwatenganisha, lazima moto, na si moto wa kuchezea. Maji ya bukari yanachemka kwenye nyuzi karibu 100. Shaba haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Zaidi ya mara kumi! Jiko la mama haliwezi. Ndiyo maana mafundi walikuwa watu wa kuheshimiwa.

Kazi ilianza wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Kwa nini kiangazi? Kwa sababu mvua inazima tanuru, na kwa sababu wakati wa mvua watu wako shambani. Mtama kwanza, shaba baadaye. Chifu alitoa ruhusa, na watu wakasema: twende tukale shaba.

"Walikula shaba kwa meno?"

Hapana, hapana! Mnanichekesha. Waliichimba, wakaiuza, wakapata chakula na nguo. Hata Jean-Félix de Hemptinne, padre aliyekuja kuwa askofu wa mji huu, alipoandika habari zao mwaka 1926, aliwaita hivyo hivyo: wala shaba wa Katanga. Basanga walikuwemo. Balamba walikuwemo. Baadaye Bayeke nao wakaja.

Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani na kuyachagua. Ndiyo, watoto! Watoto wa umri wenu. Wanaume walichimba na kukata miti migumu ili kuchoma makala. Kisha wakajenga tanuru. Walijenga kwa nini? Kwa udongo wa kichuguu. Mchwa ni mjenzi hodari. Udongo wake haupasuki ovyo motoni. Wakapanga makala na mawe, makala na mawe. Wakaweka mabomba ya udongo chini. Wakaweka mivukuto ya ngozi ya swala. Wakaanza kuvukuta. Fu! Fu! Fu! Mmoja akichoka, mwingine anashika. Fu! Fu! Fu!

Makala yakawaka meupe. Jiwe likalia. Shaba ikaanza kutoka, tone kwa tone, ikatiririka chini kama asali.

Kisha wakaniyeyusha mara ya pili, nikawa safi. Fundi alikuwa ameshachimba shimo dogo katika mchanga au katika udongo wa kichuguu. Shimo lenye mikono minne. Akanimimina humo. Nikatulia. Nikapoa. Nikawa msalaba.

Moto ulinizaa, kazi ikanikuza.

"Lakini msalaba ni wa kanisa. Wewe ni Mkristo?"

Swali la akili kabisa! Wengi wakubwa hawajiulizi. Sikia: mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, huku Katanga, mwaka 1886. Lakini mimi nilikuwa ninatembea mikononi mwa watu tangu miaka mia tano na zaidi kabla yake. Msalaba wa kanisa una mguu mrefu. Mimi mikono yangu yote minne ni sawa. Mikono minne ni mizuri kushika, ni mizuri kufunga kwa kamba, ni mizuri kubeba mabegani njia ndefu. Watu waliponiona baadaye waliniita msalaba, nami nimelizoea jina.

"Ulikwenda wapi na wapi?"

Nilikwenda mbali, mwanangu. Kaskazini, kwenye mto Lualaba na maziwa yake, kuna mahali panaitwa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Wavuvi waliishi pale zamani sana. Mwaka 1957 na mwaka 1958 wataalamu walichimba pale taratibu, kwa vijiko na brashi. Wakakuta makaburi. Ndani ya makaburi wakanikuta mimi na ndugu zangu.

Sasa fungueni masikio, hapa kuna jambo tamu. Katika makaburi ya zamani zaidi, misalaba ilikuwa michache, mingine mikubwa, na mtu alilazwa nayo kifuani. Katika makaburi yaliyofuata, misalaba ikawa midogo, mingi, tena ya kulingana. Na haikuwa kifuani tena. Ilikuwa kiunoni, au karibu na mikono.

Nawauliza ninyi: kitu kidogo, kingi, cha kulingana, kinachokaa kiunoni au mkononi, ni kitu gani?

"Pesa!"

Pesa! Mmejibu kama wataalamu wenyewe. Kitu kikubwa ni cha heshima, kinaonyesha wewe ni nani. Kitu kidogo kinachofanana na wenzake unaweza kukihesabu. Unaweza kusema: hiki kwa samaki, hivi vitatu kwa chumvi, hivi vingi kwa mahari. Hivyo kidogo kidogo nikawa pesa, kabla ya faranga, kabla ya noti, kabla ya mtu yeyote kujenga benki katika nchi hii.

Nilikwenda kusini pia. Ndugu zangu wamekutwa katika makaburi ya Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi, huko Zambia. Fikirini miguu ya watu walionibeba! Hapakuwa na treni. Hapakuwa na lori. Palikuwa na njia nyembamba na mabega.

"Na Bayeke walikuja lini?"

Katikati ya miaka ya 1800. Walitoka mashariki, katika nchi ya Wanyamwezi, Tanzania ya leo. Walisikia habari ya shaba, wakanifuata. Mkubwa wao aliitwa Msiri. Akajenga mji mkubwa, Bunkeya, na ufalme wa Garenganze. Mafundi wake walijua kunivuta mpaka nikawa waya mwembamba, wakaniviringa kuwa bangili. Misafara ilikuja kutoka pwani ya mashariki na pwani ya magharibi. Ilileta vitambaa na bunduki. Iliondoka na shaba, chumvi na pembe. Iliondoka na watu pia, wamefungwa. Sitawaficha hilo. Mtu anayesimulia shaba tu na kuficha minyororo hasimulii yote.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na mzungu wa msafara uliotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata akaja Jules Cornet, mtaalamu wa mawe. Akatazama vilima vyangu visivyo na miti, akashangaa. Wazungu wakajua kile ambacho wala shaba walikijua tangu zamani.

*

Pumzika kidogo, Msalaba. Watoto wanywe maji. Kipande kinachofuata nitakisema mimi, kwa sababu ni habari ya mji wetu.

Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni kubwa, Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli ikafika kutoka kusini, kutoka upande wa Zambia ya leo. Mwaka huo huo Wabelgiji wakapanga mji karibu na mto Lubumbashi. Emile Wangermée ndiye aliyesimamia. Wakauita Élisabethville, jina la malkia wao. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatiririka katika tanuru la kiwanda.

"Tanuru la kichuguu?"

Hapana. Tanuru la chuma na matofali. Lile bomba la moshi mnaloliona kutoka mbali, lenye urefu wa mita 153, na kile kilima cheusi kando yake, ni vya kazi hiyo. Kilima kile hakikuumbwa na Mungu siku ya tatu! Ni taka. Shaba ilitolewa, taka ikamwagwa. Ikamwagwa, ikamwagwa, mpaka ikawa kilima.

Na watu? Kampuni ilileta wafanyakazi kutoka kila upande. Walitoka Rodezia. Walitoka kwa Baluba, kwa Balunda, kwa Babemba. Walitoka Kasai, Rwanda na Burundi. Kila mmoja na lugha yake. Kambini na kazini walikutana katika Kiswahili, hiki hiki tunachoongea sasa. Sisi wa Bel-Air, sisi wa Kampemba, ni wajukuu wa mkutano huo. Ukiuliza watoto kumi wa barabara moja nkambo zao walitoka wapi, utapata safari nyingi kweli.

Lakini tanuru za vichuguu zilizimika. Kampuni ilishika migodi, na fundi aliyejua kuimba na mivukuto akawa mfanyakazi wa mshahara. Hakuna aliyemimina misalaba tena kwa ajili ya soko. Msalaba ukaenda makumbusho.

"Ukafa?"

Muulizeni mwenyewe.

*

Sikufa. Nililala. Na siku moja wakaniamsha kwa kelele.

Mwaka 1960, tarehe 30 Juni, Kongo ikapata uhuru. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Nchi mpya inataka nini kwanza? Inataka alama. Wakatafuta, wakatafuta, wakanikumbuka mimi.

Wakatengeneza bendera. Juu nyekundu. Chini nyeupe. Katikati mstari wa kijani umekata mshazari. Na pale kwenye weupe wakaniweka mara tatu, rangi ya shaba. Misalaba mitatu! Wakachagua na maneno ya kwenda nayo: nguvu, matumaini na amani katika neema. Mwaka 1961 wakaniweka hata kwenye sarafu. Upande mmoja mkungu wa ndizi, upande wa pili mimi. Nilicheka kidogo. Mimi niliyekuwa pesa mzima mzima, sasa nimekuwa picha juu ya pesa.

"Ulifurahi?"

Mwanangu, swali hilo ni zito, nami nitalijibu taratibu.

Bendera ilikuwa nzuri machoni. Wengi waliipenda. Lakini chini ya bendera hiyo watu walipigana. Kulikuwa na Wakatanga walioikataa nchi ile mpya, hasa kaskazini. Kulikuwa na jirani aliyemwogopa jirani yake kwa sababu ya kabila. Maelfu walikimbilia kambi za wakimbizi hapa hapa mjini. Na tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliletwa hapa akauawa porini, si mbali na mji. Askari wa Umoja wa Mataifa walipigana katika barabara hizi. Januari 1963 nchi ile ikaisha.

Mimi sikuulizwa. Alama haiulizwi. Mkono unaoishika ndio unaosema neno, na alama inabebeshwa neno hilo. Mkono wa fundi ulinifanya kazi. Mkono wa mvuvi wa Sanga ulinifanya heshima. Mkono wa mfanyabiashara ulinifanya pesa. Mkono wa mwanasiasa ulinifanya bendera. Mimi ni yule yule. Moto ulinizaa, kazi ikanikuza.

"Baadaye je?"

Baadaye majina yakacheza. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, jina la mto wake. Mwaka 1971, enzi za Mobutu, jimbo zima likaitwa Shaba. Jimbo liliitwa mimi! Mwaka 1997 likarudi kuitwa Katanga. Mwaka 2015 likagawanywa mara nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Lubumbashi ni mji mkuu wa Haut-Katanga. Ziwa langu la Kisale likabaki Haut-Lomami. Mstari wa ramani ulipita kati yangu na makaburi yangu, lakini mimi sina habari na mistari. Mnanikuta pande zote.

Nimemaliza. Nkambo, endelea.

*

Asante, Msalaba. Umesema vizuri, hata yale machungu umeyasema.

"Nkambo, nchi yetu yote ina nembo gani?"

Mnaona? Swali moja linazaa jingine. Ndivyo inavyotakiwa. Kongo yetu ina kichwa cha chui. Upande mmoja pembe ya ndovu, upande mwingine mkuki. Chini yake jiwe, na maneno matatu: haki, amani, kazi. Nembo hiyo imetumika tangu mwaka 2006. Itazameni kwenye karatasi za serikali. Ipo.

"Na Mazembe?"

Ha! Nilijua tu. Hatuwezi kuongea nembo hapa mjini tukamaliza bila mpira. Tout Puissant Mazembe ilianza mwaka 1939, na mapadre wa Benediktini walikuwepo mwanzoni. Nembo yake ni mamba ameshika mpira mdomoni. Lakini mashabiki wanaiita timu hiyo kunguru. Mamba na kunguru katika timu moja! Na wale wa Lupopo wasinune: timu yao ya Saint Éloi ni timu ya watu wa reli, na mtakatifu Éloi ni msimamizi wa wafua vyuma. Mmeona? Hata jina la timu linaweza kusema kazi ya watu wake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa ninawapeleka tangu mwanzo.

Kwa nini msalaba wa shaba umedumu? Bendera ya Wabelgiji imekwenda. Jina la malkia limekwenda. Nchi ya Tshombe imekwenda. Hata jina la jimbo lililoitwa Shaba limekwenda. Msalaba umebaki. Kwa nini?

"Kwa sababu ni wa chuma kigumu!"

Jibu zuri, lakini siyo lote. Jaribu tena.

"Kwa sababu ni mzee!"

Unakaribia.

"Kwa sababu ulifanya kazi kwanza!"

Hapo! Hapo kabisa! Nani amesema? Mpigieni makofi. Msalaba haukuchorwa na mtu aliyekaa ofisini akiwaza kitu kizuri cha kuweka kwenye karatasi. Ulifanya kazi kwanza. Ulinunua samaki. Ulioza wasichana na wavulana. Ulibebwa mabegani. Ulizikwa na wapendwa. Baada ya kazi hiyo yote ndipo ukapanda juu ya bendera. Kwa hiyo bendera ilipoteremshwa, msalaba haukuteremka nayo. Ulikuwa na miguu yake mwenyewe.

Basi nawapa kazi, wajukuu wangu. Mtaa wetu wa Bel-Air, tuutengenezee nembo sisi wenyewe. Chukueni karatasi. Choreni ngao. Lakini kabla ya kuchora kitu ndani, kiulizeni maswali matatu.

Swali la kwanza: kitu hiki kimefanya kazi gani hapa kwetu? Kama hakijafanya kazi, kisubiri nje.

Swali la pili: ni cha nani? Kama ni cha nyumba moja, au cha kabila moja, au cha tajiri mmoja, hakitoshi. Nembo ya mtaa lazima kila mtoto wa mtaa aweze kuweka kidole juu yake na kusema: hata sisi kwetu kipo.

Swali la tatu: kikishikwa na mkono mbaya, kitasema nini? Hilo Msalaba amewafundisha. Ndiyo maana mwenye nembo hailindi kwa kuipigia saluti tu. Anailinda kwa kuangalia nani ameishika na anaipeleka wapi.

"Nkambo, mimi nitachora mwembe wa lupango letu!"

Mwembe unatoa maembe, unatoa kivuli, watu wanafanyia mikutano chini yake. Umefaulu swali la kwanza. Nyumba nyingi za Bel-Air zina mwembe. Umefaulu la pili. La tatu jibu wewe.

"Mimi nitachora kinga!"

Baiskeli! Inabeba makala kutoka porini mpaka jikoni kwetu. Inabeba mkate asubuhi. Inabeba mgonjwa. Vizuri sana. Lakini mwizi naye ana kinga. Fikiria la tatu.

"Mimi nitachora simu."

Sawa, ila nionyeshe kwanza imefanya kazi gani zaidi ya kucheza muziki usiku wakati watu wanalala!

"Mimi sijui nichore nini."

Wewe usione haya. Wewe uko karibu zaidi kuliko wote, kwa sababu hujakimbilia rangi. Nenda kwanza kwa mama yako. Nenda kwa fundi wa viatu pale barabarani. Nenda kwa mzee aliyefanya kazi kiwandani, bado ana makovu ya cheche mikononi. Waulize kila mmoja: ni kitu gani kimewasaidia kuishi hapa? Andika majibu yao. Kitu kitakachotajwa na wengi, ndicho uchore.

Na mkimaliza, leteni zote. Nitazipanga ukutani, kubwa na ndogo. Kila mmoja atasimama mbele ya yake aeleze, na wenzake watamhoji yale maswali matatu bila huruma. Anayejibu yote matatu, ngao yake tutaichora kwa rangi kubwa kwenye ukuta wa lupango, upande wa barabara, ili mpita njia ajue watu wa Bel-Air wanaishi kwa kazi gani na wanajivunia nini.